Wa Mchanga

Mzee Vendelín wa ghorofa ya nne
alinigongea Jumamosi, saa mbili asubuhi,
koti limefungwa vifungo vyote, kofia mkononi:
"Radka, leo nanunua nyoka. Njoo unishikie begi."
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Tangu Ajka afe (mbwa, si mkewe;
mkewe alitangulia, na huyo hamtaji)
hataki tena kiumbe cha kumsubiri mlangoni.
"Nataka kitu kilicho hai," alisema ndani ya tramu,
"ila kisinipende."

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," nikamwonya.
"Na mtoto wa fundi saa ni wakili huko Praha.
Shuka, tumefika."

Ukumbi ulinuka vumbi la mbao na kahawa.
Vikasha juu ya meza, mifuniko yenye matundu,
na ndani, kama mkufu uliosahauliwa drooni,
mmoja mmoja, wamejikunja.
Kijana mwenye kipini puani alitusogezea chatu mfupi,
mnene, mpole, anayejiviringa kama ngumi.
"Huyu ni wa wanaoanza."
"Anakula?"
"Anakula. Labda asuse. Akisusa, hata miezi mitano."
Mzee akakirudisha kikasha polepole.
"Nimeshakaa mezani na mtu asiyekula.
Sirudii."

Nyoka wa mahindi alikuwa mwekundu kama vigae,
mzuri, hata mimi nilisogea hatua moja.
Lakini huyo hurefuka mita na nusu,
tena hodari wa kusukuma vifuniko usiku,
na tangi la nyumbani, lililopimwa kwa futi ya cherehani,
lina sentimita themanini, basi,
redio imeshahamishiwa sakafuni.

Meza ya mwisho, karibu na mlango wa choo,
Bi Drahomíra, miwani kwenye kamba,
hakumsifia mtu nyoka. Alimhoji mteja.
Taa itakaa upande gani? Upande wa pili uwe baridi,
achague mwenyewe.
Panya wa kugandishwa utawaweka wapi?
"Nyuma ya njegere."
Mkono unatetemeka?
"Nikishika saa, hapana."
Umri?
"Sitini na tisa."
Akashusha miwani.
"Hawa huishi miaka ishirini. Wengine hupitiliza."

Nikasikia mashine ya kahawa ikikoroma.
Mzee akahesabu. Fundi saa hahesabu kwa vidole,
huwa kimya tu, kama anasikiliza kitu ndani ya kitu.
Kisha akanigeukia mimi,
mimi ninayeruka nikiona mpira wa bustani.
Hakuomba. Nami, sijui kwa nini,
nikasema, "Haya."

Ndipo akafukua kwa kijiko
kitu kisichozidi penseli,
rangi ya karoti na chokoleti,
kichwa butu kama mkia, mkia butu kama kichwa:
chatu wa mchanga, naye bado mchanga.
Lebo ilisema Kenya. "Kenya hajaiona," akasema,
"alizaliwa jikoni kwangu, Agosti, mvua ikinyesha.
Amekula mara sita, tarehe hizi hapa.
Amejivua gamba mara mbili, zima, halikukatika."

Akalala kiganjani mwa mzee
kama mkanda wa saa uliosubiri sana kurudishwa.

Hatukuondoka naye. Alilipa nusu.
Majuma mawili tangi lilikaa tupu, taa inawaka,
mzee anasoma kipimajoto asubuhi na usiku,
anaisogeza taa upana wa ukucha,
anaandika, anafuta, anasoma tena.

Sasa yupo. Yaani naambiwa yupo.
Nikipanda na supu tunakaa mbele ya kioo
tukitazama mchanga.
Siku nyingi ni mchanga tu.
Mara moja moja unatikisika, mstari unapita,
macho mawili yanachomoza, madogo
kama matundu ya kifungo.
"Hanijali kabisa," husema mzee,
na kunimegea mkate, kwa furaha.

Kwenye mlango wa friza kuna karatasi,
mwandiko wa fundi, herufi ndogo zilizonyooka:
Jumatano, panya mmoja. Maji, kila siku.
Usimshike akikaribia kujivua.
Chini kabisa, jina langu,
na mahali pa tarehe,
ameacha wazi.